Kidhibiti Namba Tatu

Mtu akikuapia kwamba hajawahi kumsingizia rafiki yake, muulize kwanza kama amewahi kuandika programu. Msichana tunayemsimulia hapa alikuwa na miaka kumi na saba, mpole, msikivu, hana makuu na mtu. Hata hivyo, siku ya mashindano alimsingizia rafiki yake mbele ya timu nzima, kwa sauti ya chini kabisa, huku akiamini kwamba anasema kweli. Ubaya wa uongo wa aina hiyo ni kwamba msemaji mwenyewe hana habari nao, kwa hiyo hata hababaiki. Unatoka umenyooka, na watu wanauamini.

Wenzake walimwita Kimya, maana aliweza kukaa mbele ya kompyuta saa tatu nzima na maneno yake yote yakawa mawili: "ngoja" na "bado". Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa programu wa timu ya shule. Rafiki yake, ambaye ndiye aliyeendesha roboti, aliitwa Mashoto kwa sababu iliyo wazi: kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kuandika mpaka kumpiga mtu kibao cha mgongo akifurahi. Nahodha alikuwa kijana mrefu mwenye kupenda orodha. Walikuwapo pia dada wawili mapacha waliokata bati na kufunga boliti, na hao waliongea kwa niaba ya Kimya, wakabakiza na akiba.

Roboti yenyewe waliiita Punda. Kazi yake ilikuwa kubeba masanduku kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka kwenye rafu za upande wa pili, kwa dakika mbili na nusu, huku roboti za wapinzani zikimsukuma na kumziba njia. Punda afe, mzigo ufike. Ndivyo walivyoandika ubavuni mwake kwa rangi ya kijani, na Mwalimu wa fizikia, aliyewasimamia, alisahihisha mkato kisha akaacha wapake.

Punda alikuwa na magurudumu sita, matatu kila upande. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake, na kila mota na kidhibiti chake, kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, ambacho kazi yake ni kuiambia mota izunguke kwa kasi gani na kuelekea wapi. Sasa, mota za kushoto zimefungwa zikitazamana na za kulia. Zote zikiambiwa "mbele" kwa pamoja, upande mmoja utakwenda mbele na mwingine utarudi nyuma, na Punda atabaki anazunguka palepale kama mbwa anayeutafuta mkia wake. Kwa hiyo vidhibiti vya kushoto, namba moja, mbili na tatu, lazima viambiwe na programu: ninyi, geuzeni. Hilo ni jambo la siku ya kwanza. Baada ya hapo Kimya alitumia miezi mitatu kuvifunza adabu vyote sita: kuanza taratibu, kutovuta umeme kupita kiasi, kusimama papo hapo kijiti cha kuendeshea kikiachwa. Alivijua vijisanduku vile kuliko alivyowajua binamu zake.

Na alikuwa na tamaa yake moja. Mchana majaji wangepita meza kwa meza kumtafuta mwandishi bora wa programu, na kulikuwa na kikombe kidogo cha shaba juu ya jukwaa. Kimya alikuwa amekitazama mara moja tu asubuhi. Baada ya hapo alikaa akikipa mgongo.

Mechi ya kwanza walishinda. Punda alichoka kidogo mwishoni, wakasema ni betri, wakabadilisha betri. Mechi ya pili ndiyo iliyowatoa jasho. Katikati ya mechi Punda aligongwa ubavuni na roboti nzito, akayumba, kisha akaanza kuvuta kushoto. Mashoto alijitahidi kumrudisha. Punda akazunguka nusu duara, akaangusha sanduku, akaenda kujibamiza ukutani mbele ya waamuzi, na palepale akabaki anasukumana na ukuta mpaka kipenga kilipolia. Watu wa upande wa pili walishangilia kana kwamba wamemhonga Punda.

Walirudi mezani kwao wakiwa wamenuna. Meza ilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa chuo, kati ya safu za meza nyingine arobaini, kila moja na nyaya zake, kelele zake na harufu yake ya mpira uliopata moto.

"Tuanze na programu," Nahodha alisema, akishika orodha yake.

Kimya akampandisha Punda juu ya vitalu vya mbao ili magurudumu yaelee. Akazima swichi kubwa, akawasha. Akasukuma kijiti mbele. Magurudumu sita yakazunguka mbele kwa utulivu, sauti moja. Akarudisha nyuma, sita yakarudi nyuma. Akarudia mara tatu, wote wakitazama.

"Programu ni safi," alisema.

"Sasa ni nini?" mmoja wa mapacha aliuliza. "Bati halijapinda. Nimelipima."

Angenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini Kimya, ambaye siku zote neno kwake ni la kukopa, siku hiyo aliamua kutoa la ziada. "Labda ni mkono," alisema. "Mashoto anashika kijiti kwa kushoto. Purukushani ikizidi, mkono unavuta upande wake. Simlaumu. Ni maumbile tu."

Ikasikika kuwa na akili. Jambo likisemwa taratibu na mtu asiyesema sana, watu hulipokea kama limepimwa kwenye mizani. Nahodha akaitikia kwa kichwa.  Mashoto aliutazama mkono wake wa kushoto kama anayeuona leo, akaufungua, akaufunga, kisha akautia mfukoni.

"Inawezekana," alisema.

Mwalimu wa fizikia alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na mechi moja tu iliyobaki, na wakipoteza hiyo wanarudi nyumbani. Akatoa fomu ya kubadilisha dereva. Penye jina la dereva mpya akaandika la Nahodha. Penye sababu alisitasita, halafu akaandika: Dereva hamudu roboti. "Meza ya usajili inafunguliwa saa nane," alisema. "Nani ataipeleka?"

"Nipeni mimi," Mashoto alisema. "Sina kazi nyingine sasa." Alisema hivyo huku anacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Akaichukua fomu akaenda kusimama kwenye foleni kabla hata meza haijafunguliwa.

Dakika kumi baadaye Baba yake Kimya akaingia. Alikuwa fundi wa lifti, na alikuja vilevile alivyotoka kazini, ovaroli ya kijivu, viatu vizito, begi la vifaa begani. Alikuwa na mapumziko ya dakika arobaini, na kumi na tano zilikuwa zimeishia njiani. Vijana wakamwamkia, naye akamwitikia kila mmoja kwa zamu, akampa Mwalimu mkono, kisha akasimama akimtazama Punda jinsi watu wengine wanavyomtazama mtoto mchanga.

"Mmeshinda ngapi?"

"Moja, tumefungwa moja," Kimya alisema. "Ya pili alivuta kushoto. Ni dereva. Tumeshambadilisha."

"Ah," alisema Baba. Akaweka begi chini. "Nikwambie kitu, mama? Lifti ikikwama, wa kwanza kulaumiwa ni aliyebonyeza kitufe. Nafika nakuta watu wameshamzunguka: ni huyu, kabonyeza mara mbili, kabonyeza kwa nguvu. Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii. Sijakuta hata siku moja kosa likawa la kidole."

Kimya aliona uso unamchoma. Alimpenda baba yake, lakini hakupenda lifti ziletwe kwenye mambo yake, hasa mbele ya Nahodha. "Baba, nimeipima. Nimezima, nimewasha, magurudumu yote sawa. Mara tatu."

"Umezima nini?"

"Swichi kubwa. Kila kitu."

"Sawa. Vyote vimelala, vyote vimeamka. Vikiamka pamoja, programu yako inakuwapo mlangoni inavipa maagizo." Akakuna kidevu. "Sisi hatuzimi hivyo. Nikishatengeneza lifti, kabla mtu hajapanda, nakata umeme wa sehemu moja tu, nyingine zikiwa macho. Narudisha. Naangalia ile iliyolala imeamka na akili gani. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Nikimaliza napanda peke yangu mpaka juu na kushuka, ndipo nawaita watu. Umeshajaribu kuzima kimoja kimoja?"

Hakuwa amejaribu. Aliinama akamwasha Punda, akasukuma kijiti kidogo ili magurudumu yazunguke polepole, akakifunga pale kwa mpira. "Unataka niguse?" Baba aliuliza. "Hairuhusiwi," Kimya alisema. "Ni sisi wanafunzi tu." Baba akaweka mikono nyuma, kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya udongo.

Kimya alianza upande wa kulia. Akachomoa plagi ya kidhibiti namba sita, gurudumu likasimama. Akaichomeka, taa ndogo ikapepesa, gurudumu likaamka, likaruka kidogo kuliko kawaida, likaendelea mbele. Namba tano, vilevile. Namba nne, vilevile. Kule kuruka kidogo hakukutilia maanani. Alimtazama baba yake kwa jicho la "nilikwambia", na Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

Akahamia kushoto. Namba tatu ndiyo iliyokuwa karibu. Alipoigusa tu plagi, ikatoka yenyewe, hata kabla hajaivuta. Gurudumu likasimama. Akairudisha. Taa ikapepesa. Gurudumu likaamka na kuanza kuzunguka kinyumenyume.

 Matano yalikuwa yanakwenda mbele, hilo moja linarudi nyuma, tena kwa bidii, kama mfanyakazi aliyetumwa kusikofaa na hajui.

"Limesahau," pacha mmoja alinong'ona.

Ndiyo, lilikuwa limesahau. Na Kimya alijua kwa nini, akajua papo hapo. Programu yake ilitoa maagizo mara moja tu, mwanzoni, vidhibiti vyote vikiwa vimeamka: ninyi wa kushoto, geuzeni. Vidhibiti vilitii. Lakini kutii ni kimoja na kuhifadhi ni kingine. Kuna mstari mmoja wa kuviambia viyaandike maagizo hayo kwenye kumbukumbu zake zenyewe, ili hata kimoja kikikatikiwa umeme kwa kufumba na kufumbua, kiamke kikiwa na akili zake. Bila mstari huo, kikiamka peke yake huamka kama kilivyotoka kiwandani, hakimjui Punda wala kushoto wala kulia.

Na huo mstari haukuwa umesahaulika kuandikwa. Lingekuwa hilo, angejionea huruma. Aliuandika wiki ya kwanza. Ila kila Punda alipowashwa, kuhifadhi kulichukua sekunde nane, na Kimya alikuwa anawasha na kuzima mara hamsini kwa siku. Sekunde nane zikamchosha. Akauwekea mstari alama ya kuunyamazisha, akajiambia atauamsha kesho. Kesho ikazaa kesho, na mstari ukaendelea kulala. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Plagi ililegea," alisema, na sauti yake haikufika mbali. "Akigongwa, namba tatu inakatika kidogo, inarudi. Inarudi imesahau. Ndiyo maana alivuta kushoto."

Akafungua kompyuta kutafuta rekodi za mechi, kwa sababu alitaka kuona kwa macho. Mechi ya pili: sekunde ya sabini na moja, namba tatu imepoteza umeme. Hapo hapo Punda anavuta kushoto. Sawasawa. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akafungua rekodi ya mechi ya kwanza, ile waliyoshinda.

Sekunde ya thelathini na nane, namba tatu imepoteza umeme.

Alisoma tena. Mechi ya kwanza pia. Kuanzia sekunde ya thelathini na tisa mpaka mwisho, karibu dakika mbili kamili, gurudumu moja lilikuwa linarudi nyuma, na Punda alikwenda amenyooka. Kimya akateremsha jicho kwenye mstari wa kijiti, ule mchoro unaoonyesha dereva alikielekeza wapi. Kijiti kilikuwa kimelala kulia. Hakikurudi katikati hata mara moja. Kimelala kulia kwenye kona, kimelala kulia mbele ya rafu, kimelala kulia mpaka kipenga. Mkono ule wa kushoto, ule alioutolea hukumu mbele ya watu, ulikuwa umelibeba kosa lake mechi nzima, na ukapeleka masanduku tisa.

Machozi yalimjia haraka kuliko maneno, kama kawaida yake. "Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa nane na dakika tano," Nahodha alisema.

Simu ya Baba ikalia. Alisikiliza, akasema, "Wangapi humo ndani? Waambie wasibonyeze kitu, nakuja," akabeba begi. Akamwona binti yake amesimama katikati ya kwenda na kubaki, midomo imefunguka.

"Nenda," alimwambia. "Mimi utanishukuru nyumbani. Yule dereva humkuti nyumbani."

Kimya alikimbia. Mtu asiyezoea kukimbia akikimbia kwenye ukumbi wa meza arobaini, kila mtu hujua. Alikanyaga waya wa watu, akaomba radhi, akagonga kiti, akaomba radhi kwa kiti. Meza ya usajili ilikuwa kwenye ujia karibu na milango, na alipofika Mashoto alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na karani, mama mmoja mwenye muhuri na sura ya kuchoka, alikuwa anauinua muhuri kutoka kwenye karatasi.

"Msigonge!" Kimya alisema.

"Nimeshagonga," karani alisema.

"Tunaomba kuibatilisha. Dereva abaki huyu huyu."

Karani alivua miwani. "Mwanangu, fomu hii imesema dereva hamudu roboti. Imesainiwa na mwalimu wenu. Dakika moja baadaye ameshamudu? Kuna foleni hapa."

"Si kosa lake. Ni langu." Ajabu ni kwamba mtu aliyeishi kwa "ngoja" na "bado" sasa alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. "Programu ni yangu. Kidhibiti kimoja kilisahau maagizo kwa sababu mimi sikukihifadhia. Nilisema ni mkono wake. Haukuwa mkono wake."

Mashoto aligeuka polepole. 

"Inaruhusiwa," karani alisema, sasa kwa upole kidogo. "Lakini kwa maandishi. Unaandika sababu mpya, unaweka jina na saini ya mwenye kosa. Nakala inakwenda kwa waamuzi, nyingine kwa majaji. Majaji wa programu wataisoma kabla hawajafika mezani kwenu. Unaelewa hilo?"

Kimya alielewa. Nisidanganye kwamba hakujali. Alikitaka kile kikombe. Alikitaka kwa miezi mitatu ya macho mekundu, na hapo mbele ya karani bado alikitaka. Aliichukua kalamu akaandika: Dereva hakukosea. Kosa ni la mwandishi wa programu, ambaye alinyamazisha agizo la kuhifadhi na hakulirudisha. Akasaini. 

Muhuri ukapigwa mara ya pili.

Walitembea hatua kama kumi. Kisha Mashoto akasema, "Kwa hiyo si mkono."

"Si mkono."

"Nilishaanza kukishika kijiti kwa kulia, pale foleni. Kijiti cha kubuni. Watu walidhani nina wazimu." Akautoa mkono wa kushoto mfukoni. "Na usinione malaika. Nilikuwa nimepanga nisiongee nawe mpaka tuzeeke. Nilishachagua hata rafiki mwingine."

"Nani?"

"Pacha mmoja. Sijaamua yupi."

Kimya akacheka huku analia, jambo ambalo halipendezi kwenye uso wa mtu yeyote, na alitaka kumwambia habari ya rekodi ya mechi ya kwanza, lakini spika zikatangaza kwamba mechi yao imebakiza dakika ishirini, wakaanza kukimbia wote wawili.

Mezani alirudia kosa lake mbele ya wote, bila kulipunguza. Mwalimu wa fizikia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba sababu kwenye fomu ile aliiandika yeye kwa mkono wake, na akamwomba Mashoto radhi, mwalimu kwa mwanafunzi, mchana kweupe. Nahodha alishusha pumzi ndefu. Alikiri kwamba tangu aambiwe ataendesha, magoti yake yalikuwa yanagongana, na kwamba hakuna orodha inayosaidia magoti. Mapacha walifunga plagi zote sita kwa vikamba vya plastiki, wakavikaza mpaka vikalia. Kimya akauamsha mstari uliolala. Punda alipowashwa, zilipita sekunde nane, na safari hii alizihesabu kwa furaha. Akachomoa plagi ya namba moja, akairudisha. Namba mbili. Namba tatu. Mpaka sita. Kila gurudumu liliamka likijua kwao.

Majaji walipofika, karatasi ilikuwa imewatangulia. Mmoja aliuliza maswali mawili, akaandika kitu kirefu. Mwingine aliuliza nani alimfundisha kuzima kimoja kimoja. "Baba yangu," Kimya alisema. "Ni fundi wa lifti." Wakashukuru, wakahamia meza ya pili. Jioni kikombe kilichukuliwa na msichana wa timu nyingine aliyestahili, na Kimya alimpigia makofi ya kweli, ingawa ya kwanza mawili yalikuwa mazito.

Mechi ya tatu haikuwa na masihara. Punda alianza vizuri, sanduku la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano roboti ya wapinzani ilimjia mbio ikamgonga palepale ubavuni kwa kushoto, mlio wake ukasikika ukumbi mzima. Kimya aliziba mdomo. Punda akayumba. Na mkono wa Mashoto, ambao ulikuwa umeshajifunza, ukalaza kijiti kulia bila kuulizwa.

Punda akageuka kulia ghafla, akafanya mzunguko mzuri wa duara, akamkosa mwamuzi kwa kiganja. Watu wakaangua kicheko.

"Acha!" Kimya alipiga kelele, Kimya yule yule. "Mwache aende! Havuti tena! Nyoosha!"

Mashoto akakirudisha kijiti katikati, kwa woga, kama anayeachia baiskeli ya mtoto. Punda akanyooka. Alikwenda amenyooka mpaka kwenye rafu, akaweka sanduku, akarudi amenyooka. Mashoto alianza kucheka peke yake pale kwenye usukani wake wa kijiti kimoja, akicheka na kuendesha, na tangu hapo hakuna aliyemkamata.

Walishinda kwa sanduku moja, wakaingia nusu fainali, na huko wakachapwa barabara na timu iliyokuwa bora kuliko wao. Hakukuwa na kosa la kutafuta.

Wakati wa kufunga mizigo, Kimya na Mashoto waliketi juu ya sanduku la betri wakikunja nyaya. Mashoto alikuwa anasugua kifundo cha mkono wake wa kushoto. Kilikuwa kimevimba kidogo, na hakuwa amemwambia mtu.

"Asante," Kimya alisema.

"Kwa nusu fainali? Tumechapwa."

"Kwa mechi ya kwanza."

Mashoto alifikiri. "Ile si ilikwenda vizuri?"

Kimya akafungua kompyuta, akamwonyesha mstari wa kijiti, tangu sekunde ya thelathini na tisa mpaka kipenga, ulivyolala kulia bila kuinuka. Alimweleza taratibu maana yake. Mashoto aliufuata kwa kidole mpaka mwisho wa kioo.

"Mimi nilidhani," alisema hatimaye, "ndivyo anavyoendeshwa."